Mkokoteni wako wa kwanza: maneno ya nesi kabla hujatoa hela

SEHEMU YA 1

Leo sio presha wala sukari, msinikimbie. Leo naongea na kijana ambaye amevuta mkokoteni wa tajiri mwaka mzima, amebana hela, sasa anataka wa kwake. Na naongea na mama, shangazi au kaka mkubwa ambaye kijana huyo amemfuata amwongezee. Mimi mwenyewe ni shangazi wa namna hiyo.

Mtoto wa marehemu kaka yangu amekuja mjini kutoka Korogwe, ana miaka ishirini na mbili. Alipotangaza kwamba anataka kununua mkokoteni, mama yake alinipigia simu saa nne usiku. "Wifi, nimemsomesha mpaka kidato cha nne aje kuwa punda wa Kariakoo?" Sikubishana naye. Kazi ile naijua kutoka upande wa pili wa meza, upande wa kidonda na bandeji. Kituo chetu hakiko mbali na soko, na katika watu wote wanaoingia pale, wavuta mikokoteni ndio wanaokuja wamechelewa kuliko wote. Machinga atakuja na homa ya siku mbili. Mama ntilie atakuja kaungua mkono saa hiyo hiyo. Mvuta mkokoteni anakuja kidole kimeshaoza.

Lakini nilikaa na kijana tukapiga hesabu. Tajiri wake alikuwa anachukua elfu mbili kila siku ya kazi. Siku ishirini na sita za mwezi ni elfu hamsini na mbili. Mvua ikinyesha, elfu mbili. Barabara ikifungwa, elfu mbili. Akiamka na homa asipotoke, deni linaandikwa, kesho anadaiwa elfu nne. Hapo ndipo nilipokubali kumwongezea. Kwa macho ya nesi, faida ya kuwa na mkokoteni wako sio hela tu. Mtu mwenye mkokoteni wake anaweza kuugua. Yule wa hesabu hana ruhusa hiyo, ndio maana kidole kinaoza.

Halafu hilo neno la "punda wa Kariakoo", nilimwambia wifi yangu kwa upole kwamba Kariakoo yenyewe ni jina la wabeba mizigo. Waingereza walipouchukua mji huu kwa Wajerumani Septemba 1916, eneo lile likawa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita. Midomo ya watu ikalisaga jina likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor, ni jina lile lile. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakupigwa risasi: walikufa kwa kuhara damu, malaria, njaa na kuchoka. Ukipita pale Posta kwenye Sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927, aliyesimama juu ni mwanajeshi na bunduki yake. Mpagazi katajwa kwenye maandishi, chini. Naona mpaka leo tuko hivyo hivyo, kila aliyevaa nguo Kariakoo kavaa kitu kilichopita juu ya mkokoteni, ila mvutaji mwenyewe tunamwona pale tu anapotukanyaga kisigino.

SEHEMU YA 2: KUNUNUA

Mkokoteni wa mtumba ukipakwa rangi mpya, uwe na wasiwasi kama unavyokuwa na wasiwasi na bwana harusi anayeharakisha ndoa. Rangi inaficha mshono wa kuchomelea. Chukua msumari au kisu, kwangua pale chuma cha ekseli kinapokutana na fremu, utazame kama kuna ufa. Ekseli ikikatika una mzigo wa watu juu yake katikati ya Mtaa wa Msimbazi, utalipa mzigo, na mguu wako unaweza kuwa chini yake.

Simama nyuma, chuchumaa, utazame magurudumu yote mawili. Yamesimama sawa au moja limeinama? Nyanyua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono usikilize. Beringi nzima inazunguka kimya. Ikilia kama inatafuna mchanga, imekwisha. Litikise kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza sana, hapo kuna hela nyingine ya fundi na ndipo pa kushushia bei.

Matairi ndio jambo ambalo vijana wanalipuuza na mimi naliona mgongoni mwao. Mikokoteni mingi inavaa matairi ya gari yaliyostaafu, na muuzaji anaweza kukufungia moja nene na moja jembamba, au moja lina upepo na jingine limenywea. Mkokoteni wa hivyo unavuta upande. Wewe utaurudisha kwa kiuno, hatua kwa hatua, siku nzima, mwezi mzima. Halafu unakuja kuniambia "sista, naumwa upande mmoja tu wa mgongo, nadhani nimerogwa". Jaribu hivi: uwe mtupu, uweke kwenye barabara iliyonyooka, usukume kidogo kisha uachie. Ukienda wenyewe kushoto au kulia, usiununue mpaka urekebishwe.

Sasa mkono wa kushikia. Huu hakuna anayeuangalia. Mkokoteni ule ulitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, pengine mfupi, pengine mrefu kuliko wewe. Simama ndani ya mikono yake kama unavuta, kitanda kikiwa kimelala sawa, wala hakijainama mbele wala nyuma. Ubao wa kushikia uje usawa wa kiuno, viwiko vyako vikunjike kidogo. Ukiwa chini ya hapo utavuta umejikunja kama mwanamke anayefagia na ufagio wa njiti. Ukiwa juu, nguvu yote inatoka mabegani na shingoni. Kijana wetu ni mrefu kama baba yake, Mungu amrehemu, na mkokoteni alioupenda ulikuwa unamfika mapajani. Tuliupeleka kwa fundi wa kuchomelea kule Gerezani akaunyanyua mikono. Fundi alicheka, akasema hajawahi kuona mkokoteni unapimwa kama suti.

Pitisha mkono (taratibu!) kwenye mbao zote, kila msumari uliotokeza upigwe chini. Nitarudi kwenye misumari.

Na karatasi. Mikokoteni inaibiwa na kuuzwa jioni hiyo hiyo. Andikishianeni, mashahidi wawili, na kama muuzaji ana makazi yanayojulikana pelekeni karatasi ipigwe muhuri serikali ya mtaa. Mwambie fundi akuchomelee herufi zako kwenye ekseli. Jina la rangi kwenye ubao linafutwa kwa kopo moja la rangi. Herufi ya chuma mpaka mwizi alete jiwe la kusagia.

SEHEMU YA 3: KUPAKIA

Wengi wanadhani mkokoteni unaumiza kwa uzito. Kwanza unaumiza kwa mpangilio. Una magurudumu mawili tu katikati, kwa hiyo ni mizani. Mzigo ukizidi nyuma, mikono inaruka juu: nimeshaona taya lililopigwa na ubao, na kijana aliyenyanyuliwa akaachwa ananing'inia kama nguo, watu wanacheka, kumbe bega limetoka. Mzigo ukizidi mbele, unaubeba wewe, sio matairi. Unachotaka ni uzito kidogo tu mbele. Ukishamaliza kupakia, nyanyua mikono kwa mkono mmoja. Ukiweza kuishika bila kukunja uso, na ukiiachia inashuka taratibu chini yenyewe, hapo sawa. Ikipanda yenyewe, panga upya. Vitu vizito viwe chini, juu ya ekseli. Majora ya vitambaa na vitu vyepesi juu.

Kuhusu uzito wenyewe, piga hesabu kabla ya kupatana bei. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kumi ni nusu tani. Gunia la mazao kisheria lisizidi kilo 100, na lumbesa, lile lenye kilemba juu, limepigwa marufuku. Ukiliona usilibebe kwa bei ya gunia. Kwenye tambarare nusu tani inatembea, Kariakoo ni tambarare na inakudanganya. Subiri uambiwe upeleke Magomeni. Ukitoka Fire kushuka Jangwani ndipo utajua kwamba mkokoteni hauna breki, breki ni wewe. Wazee wa kazi wanafunga kipande cha tairi kuukuu nyuma chini ya kitanda. Kwenye mteremko unanyanyua mikono, nyuma inagusa lami, ule mpira unakwaruza na kupunguza mwendo. Kama wako hauna, usiuondoe kwa fundi mpaka aufunge. Na kwenye mteremko uwe na mwenzako nyuma ameshika kamba. Njia ya mwendokasi usiingie hata kama iko tupu. Lile basi halisikiki likija na halina pa kukukwepea.

Kitu kingine. Ukiniuliza ni saa ngapi watu wanaumia zaidi, sio wakati wa kuvuta. Ni wakati wa kupakia na kushusha. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanaume mtu mzima asibebe peke yake mzigo unaozidi kilo 55. Ukishavuka mfuko mmoja wa saruji, ita mtu. Chuchumaa, mzigo uwe karibu na kifua, nyanyuka kwa miguu, ukitaka kugeuka geuza nyayo, usizungushe kiuno ukiwa umebeba. Pumua nje unaponyanyuka. Najua mnanicheka, mnasema nesi anafundisha watu kubeba. Wale wanaocheka ni wa miaka ishirini. Wa miaka arobaini hawacheki.

Mwenye mzigo atakwambia, "Mbona mwenzako anabeba yote mara moja?" Hapo ndipo kijana wetu alipokaribia kushindwa wiki ya kwanza. Mama mmoja wa mabelo ya mtumba alikuwa anataka kila kitu kwa safari moja kwa sababu gari la mkoani linaondoka. Alinipigia simu pale pale: "Shangazi, nikikataa nampoteza mteja." Nikamwambia mwambie hivi: nakupelekea mara mbili, ya pili nusu bei, au mwite mwenzangu tugawane. Alikubali ya kugawana. Hela ilikuwa ndogo, alinung'unika mpaka usiku. Ila yule mama mpaka leo anamwita, kwa sababu belo lake halikudondoka.

Na ile mipira ya tyubu mnayofungia mizigo, jamani, macho! Ukiivuta mpaka mwisho ikachomoka, inarudi usoni kama fimbo. Ukiivuta geuza uso pembeni, usiinamie juu yake. Jicho likipigwa usilifikiche, usitie matone ya jirani, usioshee maziwa. Lifunike bila kulikandamiza, uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama linaona.

SEHEMU YA 4: MAUMIVU YA KINENA NA MTU WA KUKABIDHI

Hii ndiyo sababu iliyonifanya nianze kuandika, kwa hiyo itakuwa ndefu kidogo. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mhusika asijulikane.

Mwaka mmoja wakati wa heka heka za kuelekea sikukuu, aliletwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa amekunjwa, analoa jasho la baridi, anatapika. Alikuwa na uvimbe kinenani upande wa kulia, mgumu kama ndimu mbichi. Uvimbe ule alikuwa nao miaka mitatu. Asubuhi unakuwa haupo, mchana akishabeba unatoka, usiku akilala unarudi wenyewe. Wenzake walimwambia ni busha, ugonjwa wa watu wa Pwani, akaozoea. Akawa anafunga kitambaa.

Siku ile uvimbe ulitoka saa mbili asubuhi ukagoma kurudi. Alifika kwetu saa kumi na moja jioni. Saa tisa nzima. Nilipomuuliza alikuwa wapi, alijibu, "Sista, mkokoteni ningemwachia nani?"

Ulikuwa wa tajiri. Alikuwa amekaa juu yake kwenye kivuli Mtaa wa Mkunguni, anajikunja, anasubiri mtu anayemwamini apite.

Tulimpa rufaa haraka, akafanyiwa upasuaji usiku ule. Alipona, namshukuru Mungu, lakini kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa kikakatwa, na akalala wodini siku nyingi ambazo angelala nyumbani. Nikimpokea mtu wa namna hiyo saa nne asubuhi, mambo yanakuwa tofauti kabisa.

Sasa tofautisha. Busha ni maji yanayojaa kwenye korodani. Linakua taratibu na mara nyingi haliendi wala halirudi ukilala. Nalo linatibika kwa upasuaji, usilionee aibu. Ngiri, au henia, ni utumbo au nyama ya tumboni inayochungulia kwenye sehemu iliyo dhaifu ya ukuta wa tumbo: kinenani, kitovuni, au kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Ukikohoa inatokeza, ukilala inarudi. Ngiri inayorudi inakupa muda wa kwenda kliniki, kupangiwa tarehe, kutafuta hela na kujipanga. Kubeba mizigo mizito kunaipanua, na kitambaa hakiiponyi.

Ngiri iliyogoma kurudi haikupi muda. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma, ngozi juu yake inabadilika rangi, unatapika, hutoi hewa wala choo: hiyo ni hospitali sasa hivi. Usiusukume kwa nguvu, usinywe dawa ya kuharisha, usisubiri jioni. Usile wala kunywa kitu njiani, maana huenda ukaingia chumba cha upasuaji.

Na mgongo pia una dharura yake. Maumivu ya kawaida ya mgongo yatatulia kwa siku kadhaa ukipunguza mizigo huku ukiendelea kutembea. Lakini mgongo ukiuma halafu mguu ukalegea, au ganzi ikakushika sehemu za siri na makalio, au mkojo ukagoma kutoka, usiende kwa mkandaji. Nenda hospitali saa hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa mwenye mkokoteni mpya hata hauhusu mkokoteni. Kabla hujabeba mzigo wa kwanza, chagua mtu wa kukabidhi. Mtu mmoja wa kijiweni kwako, na mwingine wa akiba. Mwambieni kila mmoja mbele ya mwenzake: nikianguka, mkokoteni unachukua wewe, unamaliza safari, mzigo unaufikisha, unaufungia mahali fulani. Na wewe umfanyie vivyo hivyo. Namba zenu ziwe kwenye simu ya mama ntilie wenu, kwa sababu simu yako itakuwa na nywila na wewe utakuwa unatapika. Kijana wetu amepatana na mzee mmoja wa Kigoma wanayekaa naye kijiwe kimoja. Mzee alishangaa, akasema miaka yote yuko mjini hajawahi kuambiwa na mtu "nikianguka". Kisha akamwonyesha kijana mahali anapoficha funguo ya kufuli lake.

Ukishafanyiwa upasuaji wa ngiri, daktari atakwambia usibebe kitu kizito kwa wiki kadhaa, na kwa kazi hii inaweza kuwa sita au zaidi. Hapo ndipo utakapouona utamu wa kumiliki. Tafuta deiwaka, mpe mkokoteni, akuletee hesabu kidogo, wewe kaa nyumbani upone. Ila tafadhali, ukishakuwa tajiri kwa wiki sita, deiwaka wako akiugua usimwandikie deni.

SEHEMU YA 5: MAJI, VIDONGE NA KULALA

Joto la Desemba mpaka Machi mnalijua. Unyevu wa bahari unafanya jasho lisikauke, mwili unashindwa kujipoza. Tazama mkojo wako: ukiwa kama maji ya limao, vizuri. Ukiwa kama chai ya rangi, uko nyuma kwa maji. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, usisubiri kiu. Funga dumu dogo chini ya kitanda cha mkokoteni. Soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu havihesabiki kuwa maji. Ukiona mwenzako ameacha kueleweka anavyoongea, anayumba, ngozi inawaka moto, mpeleke kivulini, mvue shati, mmwagie maji, mpepee, na mtafute usafiri huku mnaendelea kumpoza.

Vidonge. Najua kila kijiwe kuna mtu ana diklo mfukoni. Asubuhi diklo na kopo la kinywaji cha nguvu, mchana tena, tumboni hamna kitu ila andazi. Hiyo dawa ina kazi yake, mimi mwenyewe nimeitoa mara nyingi. Lakini kila siku, kwa mwezi, kwa mtu aliyekaukiwa maji, inatoboa tumbo na inaumiza figo. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa uje. Na dawa ya maumivu inazima kengele: ngiri inalia, mgongo unalia, wewe umeziba masikio, unaongeza gunia.

Kuna na dengue. Mwaka 2019 tulipata mlipuko mkubwa hapa Dar, na mbu wake anauma mchana, anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, hasa ndani ya matairi ya zamani kama yale mnayorundika kijiweni. Mtu mwenye homa akameza diklo na kumbe ni dengue, anajiongezea hatari ya kutoka damu. Homa yoyote, mpaka upimwe, tumia parasetamoli kwa kipimo chake, usizidishe.

Kulala. Nani asiyewaona? Ukipita Kariakoo usiku wa manane, mikokoteni imepangwa pembeni ya barabara na juu yake watu wamejifunika maboksi na turubai. Mkokoteni ni gari mchana, kitanda usiku. Wengine wanafanya hivyo kwa kukosa kodi, wengine kwa kuulinda. Sitawaambia msilale, kwa sababu sina chumba cha kuwapa. Nitasema tu lale vipi.

Weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote, na tegemeza mikono mbele na ncha ya nyuma ili usipinduke ukigeuka usingizini. Mtu wa kwanza niliyemwona amevunjika mkono kwa kulala alikuwa hivyo. Usilale ukingoni mwa barabara ambapo fuso zinarudi nyuma alfajiri, dereva hakuoni. Bandika rifleksa, zile za kunata, pembe zote nne. Mnyororo upite kwenye gurudumu na kwenye nguzo, sio kwenye mguu wako kama nilivyowahi kuona. Mtu akiuvuta mkokoteni mguu wako ndio unaokwenda.

Chandarua kinafungika vizuri kabisa kwenye mkokoteni: fito nne kwenye pembe, kamba juu, ncha unazichomeka chini ya boksi unalolalia. Mbu wa malaria anauma usiku, na wewe ndiye nyama yake iliyo wazi kuliko nyama zote za mtaa. Watu watakucheka siku mbili. Kijana wetu kapanga chumba Buguruni na wenzake watatu, ila siku akichelewa kushusha analala pale pale, na chandarua kiko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na dumu lake. Na kwa hao wanaopanga wanne chumba kimoja: kikohozi cha wiki mbili, kukonda, jasho la usiku, nendeni mkapime kifua kikuu. Dawa zake ni bure na mkianza mapema hamwambukizani.

Nilisema nitarudi kwenye misumari. Yeboyebo na kandambili achaneni nazo kazini. Karume mtapata buti za mtumba zenye ngozi nzito mbele, msizidharau kwa sababu zina kisigino kimeliwa upande. Msumari ukikuchoma, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, usitie mafuta ya breki, unga wa betri wala dawa ya meno, halafu njoo uchomwe chanjo ya pepopunda. Wanawake wengi huchanjwa wakiwa wajawazito. Wewe mwanaume huenda mara yako ya mwisho kuchomwa ulikuwa mgongoni kwa mama. Kwa hiyo hata kama hujachomwa na msumari, ulizia. Ukifika kituoni asubuhi kabla ya saa mbili foleni ni fupi, na mkokoteni wako unaweza kuuacha kwa mlinzi pale getini, tumeshaongea naye.